Vitabu Vikuu, Darasa Dogo

Somo la ustaarabu wa Magharibi lilizaliwa kambini. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani Ulaya, serikali yake iliweka vikosi vya wanafunzi-askari katika mamia ya vyuo, ikataka vijana hao wafundishwe kwata pamoja na sababu za vita vyenyewe, yaani kwa nini mtoto wa mkulima wa Kansas akafie kwenye mahandaki ya Ufaransa. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyolifundisha somo hilo. Vita vilipokwisha, wahadhiri wake waliligeuza kuwa somo la wakati wa amani, wakaliita Contemporary Civilization, na mwaka 1919 wakalifanya la lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanzoni lilihusu zaidi historia na matatizo ya siku zile. Vitabu vyenyewe vya Plato na wenzake viliingia baadaye. Lipo hadi leo.

Mwaka 1920 mhadhiri wa fasihi wa chuo hichohicho, John Erskine, ambaye naye alikuwa ametoka kusimamia masomo ya askari wa Kimarekani huko Beaune, Ufaransa, alianzisha jambo jepesi kulitaja na gumu kulitenda. Wanafunzi wasome kitabu kikuu kimoja kila wiki, kwa tafsiri, kisha Jumatano jioni wakijadili kwa saa mbili mbele ya walimu wawili wasiokubaliana. Wenzake walikuja juu. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake juu ya Homer katika Kigiriki angevumiliaje kuona Homer anamalizwa kwa Kiingereza kati ya Jumatano moja na nyingine? Erskine alishikilia kwamba vitabu hivyo viliandikiwa watu wa kawaida, wala havikuwahi kuwa mali ya wataalamu.

Tangu hapo mjadala wa kusoma vitabu vikuu vya fikra za Magharibi chuoni umeendeshwa kana kwamba swali ni orodha: nani aingie, nani atolewe. Kwangu mimi orodha ni nusu ndogo ya jambo. Nusu kubwa ni ile meza ya Erskine: inakaliwa na watu wangapi, kwa saa ngapi, na nani anailipia.

Tuanze na orodha hata hivyo, maana ndiyo iliyozua kelele. Mwaka 1886, Mwingereza John Lubbock, mwenye benki na mwanasayansi, alitoa hotuba katika chuo cha wafanyakazi London, akapendekeza vitabu 100 vinavyomfaa mtu anayetaka kujielimisha. Humo walikuwamo Homer na Plato, lakini pia Qur'ani, mafundisho ya Confucius, tenzi za Mahabharata na Ramayana, na Shahnameh ya Firdausi wa Uajemi. Miaka 66 baadaye, mwaka 1952, kampuni ya Encyclopaedia Britannica ilitoa majuzuu 54 ya Great Books of the Western World, yakisimamiwa na Robert Hutchins, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, na rafiki yake Mortimer Adler, mwanafunzi wa zamani wa Erskine. Watunzi 74, na hakuna mwanamke hata mmoja. Wachina, Wahindi na Waajemi wa Lubbock walikuwa wametoweka. Ubeberu ulikuwa umefika kileleni siku za Lubbock, lakini orodha yake ilikuwa na madirisha mengi kuliko ile iliyotungwa dola za Ulaya zikianza kubomoka. Mtu anayedhani kwamba vitabu hivi vimekuwa vikisomwa tangu zamani kama urithi wa Magharibi peke yake, ajue kuwa urithi huo ulipangwa hivyo juzijuzi.

Vitabu vyenyewe havikuwahi kutii mpaka huo. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo uko Algeria, na alikufa akiwa askofu wa Hippo, palepale Afrika ya Kaskazini. Euclid na Ptolemy walifanya kazi Aleksandria. Maandishi mengi ya Kigiriki yalitafsiriwa Baghdad katika karne ya 9 na watu kama Hunayn ibn Ishaq, na Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198 huko Marrakesh, alimfafanua Aristotle kwa kina hata Thomas wa Akwino akawa anamtaja kwa cheo tu: Mfafanuzi. Dante alimweka yeye na Ibn Sina kundi moja na Aristotle, mahali pa heshima kadiri Jehanamu yake ilivyoweza kutoa heshima. Katika majuzuu 54 ya Chicago Thomas amepewa mawili. Mfafanuzi hana hata moja.

Majuzuu hayo yaliuzwa namna gani? Mwanzoni hayakuuzika. Baadaye kampuni ikatumia mawakala wa kupita mlango kwa mlango, wale wa kukopesha kwa malipo ya mwezi, wakiwaeleza wazazi kwamba mtoto anayekulia karibu na kabati hilo atafika mbali. Hapo ndipo yalipokwenda kwa makumi ya maelfu. Mkosoaji Dwight Macdonald alikuwa ameyakejeli mapema: hayana maelezo ya chini ya ukurasa, na yamejaa sayansi za kale ambazo msomaji wa kawaida hawezi kuzipenya bila mwalimu. Kejeli yake iligonga ndipo. Orodha ilikuwa imeachana na meza, na kilichobaki kilikuwa samani.

Meza yenyewe ilihamia kwingine. Mwaka 1937 chuo kidogo cha St. John's, mjini Annapolis, kilikuwa karibu kufunga milango kwa madeni. Kwa kuwa hakikuwa na cha kupoteza, kilikabidhiwa kwa Stringfellow Barr na Scott Buchanan, nao wakafanya walichoshindwa Hutchins na Adler huko Chicago, ambako idara ya falsafa ilimkataa Adler hadi akapelekwa shule ya sheria. Walifuta masomo ya hiari. Kila mwanafunzi, kwa miaka yote minne, anasoma vitabu vilevile kwa mpangilio uleule, kuanzia Wagiriki. Hakuna maprofesa, wapo wakufunzi, na mkufunzi aliyesomea kemia anaweza kupangiwa kuongoza mjadala wa Sophocles. Mwanafunzi anayejifunza hisabati hapewi fomula. Anasimama ubaoni na kuthibitisha nadharia ya Euclid mbele ya wenzake, na akikwama, wanakwama wote hadi mmoja apate njia. Wanajifunza Kigiriki cha kale kwa kiwango cha kuweza kubishana na tafsiri. Mwisho wa muhula mwanafunzi huketi mbele ya wakufunzi wake na kuwasikia wakimjadili yeye, nao wakimaliza anaulizwa ana la kusema.

Mfumo huu una udhaifu mkubwa, na haufichiki. Unamtaka msomaji aingie ndani ya Plato bila historia ya Athens, kana kwamba vitabu vimekaa baraza moja nje ya wakati, vikizungumza. Mwaka 1969 mwanahistoria wa Cambridge, Quentin Skinner, aliandika makala iliyoishambulia namna hii ya kusoma tangu misingi yake. Kwa maoni yake hakuna maswali ya milele yanayoulizwa kwa zamu na watu wakubwa. Kuna mtu fulani, katika mji fulani, anayejibu ugomvi fulani, na usipoujua ugomvi huo hujui alichokuwa akifanya alipoandika.

Mchukue John Stuart Mill. Aliyekisoma On Liberty, kitabu cha mwaka 1859, bila muktadha atakutana na mtetezi shupavu wa uhuru wa mtu mmoja mbele ya umma. Atapita haraka kwenye sentensi chache za mwanzo zinazosema kwamba kanuni hiyo haiwahusu watu ambao jamii zao, kwa macho yake, hazijakomaa, na kwamba hao wanaweza kutawaliwa kimabavu kwa faida yao. Aliyeupata muktadha atajua kwamba Mill alifanya kazi katika Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kwa miaka 35, tangu 1823 hadi 1858, na sentensi zile zinakuwa na harufu ya ofisi. Skinner ana haki hapo.

Lakini muktadha haumalizi habari. Miaka ya 1940, kijana Julius Nyerere, akiwa mwanafunzi wa Makerere, aliichukua kazi ya Mill juu ya kudhulumiwa kwa wanawake na kuzitumia hoja zake kuipima jamii yake mwenyewe ya Kizanaki. Mill hakuwa amemwandikia yeye. Kwa hesabu ya On Liberty, Mzanaki alikuwa miongoni mwa wale wa kusubiri. Nyerere hakusubiri. Alichukua silaha ya mtu aliyemtenga, akaitumia nyumbani kwake kwanza, na baadaye dhidi ya watawala waliokuwa wakimtumia Mill kama kisingizio. Kisha akaenda Edinburgh, akahitimu mwaka 1952, na alipokuwa rais alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Sijui jina la kuiita namna hii ya kusoma. Wanafunzi wa Adler wasingeitambua, na wa Skinner wangeiona ni ukosefu wa nidhamu, lakini ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi katika historia yetu.

Si yeye peke yake. Mwaka uleule wa 1952 ambao Chicago ilimfunga Hegel katika juzuu lenye jalada zuri, kijana wa Martinique aitwaye Frantz Fanon alichapisha Ufaransa kitabu chake cha kwanza, na ndani yake kulikuwa na kurasa zinazomshika Hegel shati: ile hadithi yako ya bwana na mtumwa wanaopigania kutambuliwa, bwana wa koloni haitambui, kwa sababu anachotaka kwa mtumwa ni kazi. Kurasa hizo ni chache. Haziwezi kuandikwa na mtu aliyesoma muhtasari wa Hegel.

Vita vya orodha vilifika kileleni Stanford, California. Tangu 1980 chuo hicho kilikuwa na somo la lazima liitwalo Western Culture lenye vitabu vya msingi vya pamoja. Januari 1987 mamia ya wanafunzi waliandamana, mchungaji Jesse Jackson akiwa nao, wakitaka somo hilo liondolewe, na mwaka uliofuata wahadhiri walipiga kura ya kulibadilisha. Waziri wa Elimu wa Marekani, William Bennett, alisafiri hadi chuoni kulaani uamuzi huo. Kitabu cha Allan Bloom kilichoomboleza kufungwa kwa akili za Wamarekani kilikuwa kimeshauza nakala zisizohesabika. Ungedhani Roma imeanguka mara ya pili. Kumbe kati ya mikondo minane ya somo hilo, uliobadilika kwelikweli ulikuwa mmoja. Na haikupita miaka 10 somo jipya nalo likafutwa, huku wanafunzi wakimiminika kwenye sayansi ya kompyuta. Pande zote mbili zilikuwa zikigombea chumba ambacho watu walikuwa wanakihama.

Sisemi orodha haina maana. Juu ya nguzo za Maktaba ya Butler, Columbia, yamechongwa majina manane, kuanzia Homer hadi Vergil, na mwaka 1989 wanafunzi walitundika bango refu juu yake lenye majina ya wanawake: Sappho, Christine de Pizan, Sor Juana na wengine. Chuo chake cha shahada ya kwanza, Columbia College, kilikuwa kimeanza kudahili wanawake mwaka 1983 tu, na Jane Austen ndiye mwanamke wa kwanza kuingia katika somo lake la fasihi, mwaka 1985. Toni Morrison aliingia 2015. Mwanafunzi anayepita chini ya jiwe kila siku hufundishwa na jiwe hilo. Ila ukiwasikiliza waliopigania bango lile, wengi wao walikuwa wamewasoma wale wanane vizuri kuliko waliowatetea.

Kwetu mgogoro huu ulitangulia Stanford kwa miaka 20, na ulikuwa na akili zaidi. Oktoba 1968, wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kupinga mpango wa idara ya Kiingereza uliokuwa umeletwa na kaimu mkuu wake. Mpango ule uliichukua historia ya Uingereza kama shina, na mengine yote kama matawi. Wao waligeuza: Afrika iwe katikati, fasihi simulizi ipewe heshima yake, kisha mtu aangalie nje kuelekea Karibea, Marekani ya watu weusi, India, na Ulaya pia. Watu husahau hilo la mwisho. Hakuna aliyetaka Shakespeare achomwe moto, bali walikataa kukaa ubavuni mwa meza iliyoandaliwa na wengine. Idara ya Fasihi iliyozaliwa hapo ilibadilisha mitaala hadi sekondari.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, chuo kilianza masomo ya pamoja kuhusu jamii na maendeleo, na nje ya ratiba wanafunzi wa kundi la USARF, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, waliendesha madarasa yao siku ya Jumapili. Walisoma Marx, Lenin, Luxemburg, Fanon, Nkrumah. Mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akifundisha Mlimani miaka hiyo. Jarida lao, Cheche, lilirithi jina la gazeti la Lenin na la jarida la Nkrumah, na serikali ikalifunga mwaka 1970. Ukilitazama jambo hili kwa utulivu utaona kichekesho chake: waliokuwa wakali kabisa dhidi ya Magharibi walikuwa wakichambua mistari ya Mjerumani wa Trier ambaye tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1841, ilihusu Democritus na Epicurus. Marx yumo hata katika yale majuzuu ya Britannica, juzuu la 50. Kichekesho hicho hakiwapunguzii lolote. Walifanya Jumapili kile ambacho Erskine alikitaka Jumatano, tena bila alama za mtihani, na kizazi cha Issa Shivji kilichotoka humo hakijawahi kutuhumiwa kwa uvivu wa kubishana na maandishi.

Upo pia mlango wa tatu, ambao wasomi wa kidunia huupita bila kuuangalia: seminari. Kwa miongo mingi Aristotle na Thomas wa Akwino walisomwa kwa uzito katika eneo letu na vijana waliokuwa wakiandaliwa kwa upadre, Ntungamo, Kibosho na kwingineko, kwa sababu huko kulikuwa na darasa dogo, ukimya, na miaka ya kutosha. Padre Alexis Kagame wa Rwanda aliandika Roma, miaka ya 1950, tasnifu iliyozipeleka kategoria za Aristotle mbele ya ngeli za Kinyarwanda. Alidai kwamba ngeli nazo zinagawa vyote vilivyopo katika makundi manne: mtu, kitu, mahali na wakati, na namna ya kuwa. Paulin Hountondji wa Benin alikuja baadaye kumkosoa kwa kuichukulia sarufi kama falsafa. Wote wawili walibishana kama watu waliomsoma Aristotle wao wenyewe. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi, katika Kongo ya Waswahili, mwaka 1941, alilelewa na Wabenediktini hadi akawa mmonaki kwa muda. Bila Kilatini na Kigiriki alichojazwa huko asingeweza kuonyesha, katika kitabu chake cha 1988, jinsi Ulaya ilivyoitunga Afrika kutoka kwenye maktaba zake.

Nikiwapanga hawa wote safu moja, Nyerere, Fanon, Ngũgĩ, Kagame, Mudimbe, naona kitu kimoja. Kila mmoja aliikataa sehemu fulani ya Magharibi, na kila mmoja aliweza kuikataa kwa sababu kuna mahali alikaa na kitabu kizima kwa muda mrefu, karibu na watu wa kubishana nao. Sasa tazama hali ilivyo. Katika vyuo vyetu vingi mwanafunzi wa sayansi ya siasa hukutana na Plato katika ukumbi wa watu mia kadhaa, wengine wamesimama madirishani, na anachobeba kwenda chumbani ni madesa: kurasa za nukta zilizorithiwa kutoka mwaka hadi mwaka, zenye "Plato alisema" tano na "udhaifu wa Plato" tatu. Mtihani ukiisha, Plato ameisha. Mwanafunzi huyo ataambiwa siku moja kwamba falsafa ya Magharibi imemtawala akili. Haijamtawala; haijamfikia. Wala haitamsaidia ukimbadilishia orodha, ukaweka Ibn Khaldun, Kagame na Shaaban Robert, kama nao watafika kwa madesa.

Wanaotetea ukumbi mkubwa hutaja fedha, na hoja yao ni nzito. Darasa la Columbia lina watu wapatao 22, na hukutana mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Chuo hicho kina utajiri ambao hakuna wizara ya elimu hapa inayoweza kuuota. St. John's yenyewe ililazimika mwaka 2019 kushusha ada kutoka dola 52,000 hivi hadi 35,000, wanafunzi walipozidi kushindwa kulipa. Kusoma pamoja kwa polepole ni ghali, na gharama hiyo ndiyo imewafanya wengi waamini kwamba ni anasa ya wenye nacho.

Roosevelt Montás, aliyeongoza masomo hayo ya Columbia kwa miaka 10, ana ushahidi tofauti. Alifika New York kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa mtoto wa miaka karibu 12, Kiingereza hakijui. Katika ujana wake alikuta jirani amerundika vitabu vya kutupwa kando ya barabara, akaokota kitabu cha majadiliano ya Socrates. Kilitoka katika mfululizo mwingine wa majuzuu ya kupamba kabati, ule wa Harvard wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu kilikuwa takataka. Mwalimu wa sekondari aliyemkuta nacho na kuanza kukaa naye baada ya vipindi ndiye aliyekuwa adimu.

Na mwaka 1995 mwandishi Earl Shorris alikusanya watu 30 hivi katika mtaa wa Lower East Side, New York. Walikuwa maskini, baadhi walikuwa wametoka kifungoni, wengine walikuwa mama wenye watoto wadogo. Alitaka wasome Plato, mantiki, sanaa, ushairi na historia ya Marekani, wakiulizwa na kuuliza, kama wanavyofanya watoto wa matajiri. Watu walimwambia maskini wanahitaji ufundi, si Socrates. Akachangisha fedha. Zililipa walimu, nauli za treni ya chini ya ardhi ili watu wafike, na mtu wa kukaa na watoto hadi mjadala uishe. Darasa hilo limezaa mengine mengi, ndani na nje ya Marekani.